Natoka Kenya kwenda kujitolea afya ya jamii na elimu ya VVU vijijini Njombe: nijiandae vipi?

Binti Kapsabet
Habari zenu wakuu. Nina diploma ya afya ya jamii, niko Kenya. Nimepata nafasi ya kujitolea miezi mitatu mkoani Njombe kuanzia Juni, chini ya hospitali moja ya kanisa. Kazi ni kutembelea kaya pamoja na wahudumu wa afya wa kijiji, kutoa elimu ya VVU, na kusaidia siku za huduma ya mkoba, yaani kliniki inapowafuata watu vijijini. Barua ya mwaliko inasema tu nije na nguo za baridi na kitabu cha chanjo. Nimebakiwa na wiki kumi na mbili. Naomba kujua vibali, chanjo, vifaa, lugha, na makosa ambayo wageni hufanya. Msinifiche, hata yale ya kuuma.

Tabibu Nyikani
Karibu sana dada. Nianze na hali ya huko, maana maandalizi mengine yote yanatoka hapo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wanaoishi na VVU Tanzania ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ipeleke hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji: watu wazima mia wamekaa mbele yako, kumi na wawili au kumi na watatu kati yao wanaishi na VVU. Wengi wanameza dawa tayari, na wapo wenye miaka kumi na tano nazo wanaozijua kuliko wewe. Kwa hiyo neno lolote utakalotamka pale mbele, wao wanalisikia likiwahusu. Ukisema "hawa wagonjwa wa ukimwi", umewataja watu waliokaa mstari wa kwanza.

Usiende ukidhani watu hawajasikia habari za VVU. Wamezisikia tangu wakiwa watoto. Yanayosumbua sasa ni mengine: wanaume kutopima, vijana kuacha dawa wanapohamia kwenye kazi za mbao au mashamba ya chai, na watu kusafiri wilaya nyingine kuchukua dawa ili wasionwe na jirani. Elimu yako ijibu hayo.

Kuhusu vibali. Wewe kama raia wa Afrika Mashariki huhitaji viza, unagongewa muhuri mpakani. Muhuri huo ni wa matembezi, haukuruhusu kujitolea. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na anayekiombea ni taasisi iliyokualika, kupitia Uhamiaji. Waulize leo hii: "Maombi yangu yameshapelekwa? Naomba kuona stakabadhi." Wakikwambia utashughulikiwa ukishafika, wakumbushe kwa upole kwamba afisa uhamiaji akikukuta kijijini unatoa huduma kwa muhuri wa matembezi, mwenye kosa ni wewe na wao pia. Andaa pasipoti yenye muda wa miezi sita mbele, picha, vyeti na wasifu wako, na barua inayoeleza kazi utakayofanya.

Binti Kapsabet
Asante sana daktari. Nina cheti cha kwetu cha usajili. Naruhusiwa kupima watu VVU nikiwa huko?

Tabibu Nyikani
Hapana. Usajili wa Kenya hauvuki mpaka. Muuguzi anatakiwa kupata usajili wa muda kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kila kada kwa baraza lake. Bila hicho hutoboi kidole cha mtu, huchomi sindano, hugawi dawa. Hata nesi wa zahanati akikwambia "nisaidie tu, foleni ndefu", kataa kwa heshima na ujitolee kupanga foleni au kujaza rejesta akiwa anakusomea. Kazi ya mtu asiye na leseni ni kubwa kuliko inavyoonekana: kusindikiza rufaa, kukumbusha tarehe za kliniki, kufundisha, kuhesabu vifaa.

Na jambo jingine: ukikusanya takwimu, dodoso au picha kwa ajili ya ripoti ya chuo, hiyo inaitwa utafiti. Mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kama huna hivyo, usibebe dodoso.

Mwana Lupembe
Naongezea njia ya kuingia kijijini, maana wageni wengi huanzia katikati. Barua ya hospitali inaanza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, halmashauri inaandika yake, ndipo unashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Beba nakala kumi, kila ofisi itabaki na moja na kukugongea muhuri kwenye ya kwako. Kwa mtendaji wa kijiji utasaini kitabu cha wageni kabla hujaketi kusema lolote. Hatua hii ikirukwa, kinachofuata ni mwenyekiti kukaa kimya, na akikaa kimya hakuna kaya itakayokufungulia mlango.

Salamu: shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, kila siku, hata mlipokutana jana. Kwa Wabena jifunze "kamwene". Ukienda Makete utakuta Wakinga, Ludewa kuna Wapangwa, usiwaite wote Wabena. Na Kiswahili chetu huku ni cha "naomba". "Nipe maji" ya Nairobi huku inasikika kama amri.

Mama Chanjo
Dada, wiki kumi na mbili zinatosha ukianza wiki hii.

Homa ya manjano: Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari, kwa hiyo utaulizwa cheti mpakani. Chanjo moja inatosha maisha yote, lakini cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanja juzi ukasafiri leo, kitabu unacho ila hakifanyi kazi.

Homa ya ini B ndiyo muhimu kuliko zote kwa kazi hii. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, mwezi wa 1 na mwezi wa 6, na hiyo huimalizi. Omba ratiba ya haraka: leo, mwezi wa 1, mwezi wa 2, kisha ya nne mwezi wa 12. Pima kwanza kama huna maambukizi tayari.

Chanjo ya pepopunda hakikisha iko hai. Homa ya matumbo, chanja angalau wiki mbili kabla. Kichaa cha mbwa, dozi mbili siku ya 0 na ya 7. Utatembea kaya kwa kaya, na kila kaya ina mbwa.

Malaria isikudanganye. Njombe mjini na Makete ni juu na baridi, mbu ni wachache. Ukipangiwa Ludewa ukashuka mwambao wa Ziwa Nyasa, huko malaria ipo ya kutosha. Na wewe umekulia Kapsabet, juu kama Njombe, huna ile kinga ya mtu aliyekulia kando ya ziwa. Ukitumia doksisaiklini ni miligramu 100 kila siku, unaanza siku moja au mbili kabla na unaendelea wiki nne baada ya kutoka. Watu wengi huacha siku wanayorudi nyumbani, halafu wanaugua wiki ya pili.

Mwisho, pima VVU mwenyewe kabla hujaondoka na utunze majibu. Kuna sababu ya kitabibu, mwenzangu wa zamu ataeleza.

Nesi wa Zamu
Sababu ni hii. Hata kama hushiki sindano, utakutana na damu: mtoto kaumia, mama kajifungulia njiani, taka zimetupwa vibaya na lanseti, kile kisindano cha kutobolea kidole, imebaki kwenye meza. Ukijichoma, hatari ya VVU kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye maambukizi ni takribani 3 kwa 1,000. Homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kwa 100. Ndiyo maana Mama Chanjo kaisisitiza.

Ukijichoma:
Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye, usinyonye, usimwage jiki. Ikiwa ni jicho au mdomo, suuza kwa maji mengi safi.
Mwambie msimamizi palepale, saa hiyohiyo.
Dawa kinga, ile wanayoita PEP, ianze mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na kamwe isizidi saa 72. Inamezwa siku 28 bila kuruka.
Unapimwa kabla ya kuanza, kisha wiki ya 6 na mwezi wa 3. Ukiwa na majibu yako ya kabla ya safari, hakuna ubishi kuhusu ulichokuja nacho.

Sasa swali la kuwauliza hospitali kabla hujapanda basi: PEP inatunzwa wapi, nani ana funguo usiku na Jumapili, na kutoka kijiji nitakachokaa hadi hapo ni saa ngapi kwa bodaboda mvua ikinyesha? Dawa iliyofungiwa kabatini na mwenye funguo yuko kwenye harusi Makambako inakula saa zako. Waombe wakupe jibu lenye namba mbili za simu.

Binti Kapsabet
Hili la funguo sikuwa nimelifikiria kabisa, ninaandika. Swali: kuna marafiki wamejitolea kuninunulia vipimo vya kujipima VVU, kama mia mbili, nije navyo nigawe. Ni wazo zuri?

Tabibu Nyikani
Usije navyo. Vifaa tiba vikiingia nchini vinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mzigo wa vipimo mia mbili kwenye begi unaweza kukamatwa mpakani Namanga. Pili, vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 30, na buti ya basi siku nzima kupita Dodoma inazidi hapo. Tatu, ukiondoka, nani ataendeleza? Marafiki wakitaka kusaidia, wafadhili nauli za kusindikiza rufaa.

Sheria ya VVU ya 2008 ilirekebishwa mwaka 2019: kujipima kuliruhusiwa, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ulishuka kutoka miaka 18 hadi 15. Hayo utaulizwa sana na vijana.

Fundi wa Mkoba
Naomba nitofautiane kidogo na daktari. Vipimo vya kujipima ndivyo vinavyowafikia wanaume. Mwanaume wa kazi za mbao hawezi kukaa benchi la zahanati na mama wajawazito asubuhi nzima. Kama hospitali inavyo kwenye stoo yake kihalali, huyu dada afundishe namna ya kuvitumia, na wahudumu wa kijiji wagawe.

Tabibu Nyikani
Hapo hatutofautiani mkuu. Vya stoo ya hospitali, ndiyo. Vya kwenye begi, hapana.

Fundi wa Mkoba
Basi nieleze yanayoharibika, maana kipimo chenyewe ni rahisi ila watu hukosea mambo yaleyale.

Kile cha mate kinapitishwa kwenye ufizi, juu mara moja na chini mara moja. Watu huramba au hutema mate ndani ya chupa. Mtu asile wala asinywe dakika 15 kabla. Kinasomwa kuanzia dakika ya 20, kisipite dakika ya 40. Wengine huangalia dakika ya tano, wakiona mstari mmoja wanashangilia na kukitupa. Wengine huenda kulala, asubuhi wanakuta kivuli cha mstari wa pili na kupagawa. Mfundishe mtu kuandika saa aliyoanza kwenye kiganja kwa kalamu.

Mistari miwili haijawa majibu kamili. Maana yake ni "nenda kituoni ukapimwe kwa utaratibu". Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Mstari mmoja kwa aliyekuwa na hatari wiki mbili zilizopita hauna uzito, arudie baada ya miezi mitatu. Na anayemeza dawa tayari asijipime kabisa, kwa sababu dawa zinaweza kufanya kipimo kisome hana. Hapa ndipo watu huacha dozi wakiamini wamepona. Sema hili kila siku ya kufundisha, hata kama umelisema jana.

Mwana Lupembe
Na hili la "nimepona" lina historia. Mwaka 2011 watu walikwenda kwa maelfu Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, Wakenya wengi wakiwemo. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe. Leo kuna maombi, kuna mafuta, kuna dawa za mizizi. Usipambane na imani ya mtu. Mchungaji au mganga ukimtukana mbele ya waumini, umempoteza yeye na wote wanaomsikiliza. Mwombe atamke sentensi moja tu: "Omba, na dawa umeze." Wengi wanakubali.

Nesi wa Zamu
Kwa nini kuacha ni hatari, ujue namna ya kueleza: dawa hazitoi virusi mwilini, zinavifubaza. Ukiacha, ndani ya wiki chache virusi vinarudi kwa wingi, CD4, yaani seli za kinga, zinaanza kushuka, na vinapozaliana huku dawa ikiwa kidogo kwenye damu vinajifunza kuikwepa.

Dozi ya wengi sasa ni TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Ujue mambo mawili ya hicho kidonge. Dolutegraviri, moja ya dawa zilizomo ndani, haipatani na dawa za kiungulia, vidonge vya chuma na vya kalsiamu. Ameze TLD saa 2 kabla au saa 6 baada ya hizo. Mjamzito ana vidonge vya chuma kila siku, kwa hiyo swali hili litakuja. Na mtu mwenye kifua kikuu akitumia rifampisini anaongezewa dolutegraviri nyingine baada ya saa 12. Hiyo ni kazi ya kliniki, wewe hakikisha tu amesema kliniki kwamba anatumia dawa za TB.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa macho: kopo. Kopo la dawa likiwa ndani ya mkoba linalia kama njuga kila hatua, na kijijini kila mtu anaujua mlio ule. Ndiyo maana utakuta mama kahamishia vidonge kwenye kitambaa au mfuko wa sukari, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kimebaki kwenye kopo alilotupa. Baada ya wiki mbili za mvua vidonge vimelainika na kubadilika rangi. Usimgombeze. Mwonyeshe kuweka pamba safi juu ya vidonge ndani ya kopo lilelile, kifuko kikiwa ndani, na kubandua lebo ya nje akitaka. Ukimya wa kopo unaweza kumwokoa kuliko hotuba ya saa nzima.

Binti Kapsabet
Nimeshukuru sana kwa hilo la kopo. Kuhusu mama na mtoto, nikiulizwa kunyonyesha nijibu nini? Kwenye mitandao naona ushauri wa aina mbili.

Nesi wa Zamu
Ushauri wa huku ni mmoja: mama anayemeza dawa vizuri anyonyeshe. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji, bila uji, kisha mtoto aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Wageni kutoka nchi zenye maji safi na maziwa ya kopo huwaambia mama waache, na mtoto anakufa kwa kuhara. Bila huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Kwa dawa inashuka chini ya 5. Mtoto anapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa na anapimwa kwa tone la damu kwenye karatasi akiwa na wiki 6 hivi. Tarehe hiyo ndiyo inayopotea, kwa sababu mama mwenye mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwao na kurudi mwezi wa tatu. Uliza "utajifungulia wapi?" mapema, umsaidie kupata barua ya kuhamisha huduma.

Mwalimu wa Rika
Mimi niongelee ufundishaji.

Maneno kwanza. Sema "anayeishi na VVU". "Mwathirika" liache. "Ana ngoma", "kakanyaga miwaya", "kaungua" utayasikia, uyaelewe ila yasitoke kinywani mwako, hata kwa utani wa kuchangamsha vijana. Na utofautishe VVU na UKIMWI kila mara: VVU ni kirusi, UKIMWI ni hali ya kinga kuanguka, na mtu mwenye dawa anaweza asifike huko kabisa.

Somo lisizidi dakika 40. Anza na kisanduku: kila mtu apewe karatasi na kalamu, wote waandike, hata asiye na swali aandike salamu. Ukiwaambia waandike wenye maswali tu, wanaoandika wanaonekana. Soma karatasi zote, changanya, jibu tano zinazojirudia.

Kondomu usiivishe kidole wala ufagio. Watu hufanya walichoona. Tumia mfano wa mbao. Hatua: soma tarehe, bonyeza pakiti usikie hewa ikisukuma, isiposukuma ina tundu, chana pembeni kwa vidole, siyo meno, finya ncha hewa itoke, kunjua hadi chini kabisa, baada ya tendo shika pindo na utoke uume ukiwa bado umesimama, funga fundo, tupa kwenye choo cha shimo. Kwa kondomu za mpira mafuta ya mgando ni sumu, mafuta yanaulegeza mpira ukapasuka. Wape vijana wairudie mikononi mwao, maana kuangalia hakutoshi. Shuleni uliza kwanza mkuu wa shule na afisa elimu nini kinaruhusiwa, usijiamulie.

Tohara: Njombe siyo eneo la jadi la kutahiri. Inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Taja na asilimia 40 iliyobaki. Na jeraha linataka wiki sita za kusubiri.

Ile habari ya virusi kutoonekana, iseme kwa usahihi: mtu anayemeza dawa kila siku na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani, haambukizi kwa kujamiiana. Neno "kipimo" lisidondoke. Watu wakisikia "anayemeza dawa haambukizi", mtu wa wiki ya pili ya dawa anaacha kondomu. Kipimo cha kwanza huwa baada ya miezi 6.

Mtunza Rejesta
Usiri, kwa sababu kuuvunja ndiko kunakoharibu kazi ya wageni.

Ukitembelea kaya tatu kijijini na zote tatu ni za watu wa CTC, kliniki ya huduma na dawa za VVU, umeshatangaza. Jirani wanahesabu. Tembelea kaya zote za kitongoji kwa mpangilio, uongee usafi wa choo, chandarua, uzito wa watoto, kikohozi cha wiki mbili, na kwa yule unayemfuata mwambie la kwake mkiwa peke yenu. Usivae fulana yenye utepe mwekundu. Usipande gari lenye maandishi ya VVU hadi mlangoni, ushukie barabarani.

Daftari lako lisiwe na majina. Tumia namba za kaya. Mteja ana kadi yake, CTC1, na faili lake kituoni ni CTC2. Hizo hazipigwi picha, hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp hata kama umefuta jina, namba pekee inatosha kumjua. Huduma zinaandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, rejesta rasmi za kituo, wewe usianzishe kitabu chako pembeni. Kutoa siri ya majibu ya mtu ni kosa kwa Sheria ya 2008, na mtu wa kijijini aliyetolewa siri mara moja hapimi tena, wala ndugu zake hawapimi.

Sokoni ukikutana na mteja, msubiri akusalimu yeye. Asipokusalimu, pita.

Mwana Lupembe
Baridi sasa. Juni, Julai na Agosti Njombe ni baridi kweli, mji uko karibu mita 2,000, na Makete kwenda Kitulo usiku kunaganda sakitu. Sweta mbili nzito, koti la mvua, buti za mpira, soksi za sufu, tochi ya kichwa, taulo linalokauka haraka. Blanketi utanunua huku. Mifuko ya plastiki acha kwenu, Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019 na inachukuliwa mpakani. Njia: Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa, Makambako, kisha kama kilomita 60 hadi Njombe. Lala Dodoma, usifululize. Laini ya simu sajili kwa pasipoti, na weka akiba ya nauli ya kurudi kwenye akaunti usiyoigusa.

Fundi wa Mkoba
La posho nalo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi mingi iliyolipa wahudumu wa jamii ilisimama. Utakuta muhudumu wa kijiji aliyefanya kazi hii miaka mingi, sasa hana posho, na wewe umeletwa. Usishike nafasi yake. Yeye atangulie mlangoni, yeye akutambulishe, yeye aongee kwanza. Jina linaloachwa kwenye kumbukumbu za kaya liwe lake. Na usimpe mteja pesa ya unga kwa siri, kesho kaya nzima ya jirani inataka kusajiliwa. Mwenye njaa mpeleke kwa mtendaji au kwenye Konga, ule muungano wa watu wanaoishi na VVU wa wilaya, wana njia zao.

Binti Kapsabet
Nimesoma yote mara mbili. Homa ya ini naanza kesho kutwa, na nimewaandikia hospitali kuhusu stakabadhi ya kibali na funguo za PEP. Swali la mwisho: miezi mitatu ikiisha, wale niliokuwa nawakumbusha tarehe za kliniki nawaachaje?

Mtunza Rejesta
Anza wiki ya kwanza, siyo ya mwisho. Usimpe mteja namba yako ya Kenya. Kila unayemkumbusha, mkumbushe mkiwa na muhudumu wa kijiji, na namba aliyoihifadhi iwe ya muhudumu. Ikifika wiki ya kumi, acha kwenda. Muhudumu aende peke yake, wewe ubaki zahanati uone nani kaja na nani hakuja. Wasiokuja ndio wale waliokuwa wakija kwa ajili yako. Hapo una wiki mbili za kuwarudia pamoja naye, mmoja mmoja, ukiwa unasimama nyuma yake.